Uko singo na hujafika 35? Hivi ndivyo unaomba nyumba ya serikali ukiwa Nakuru ama Kisumu

Swali vijana wa hapa Nakuru wanauliza sana, na wa Kisumu na Kakamega pia, ni hili: hizi nyumba za serikali za bei nafuu, lazima uwe umeoa ama umeolewa? Na umri je, kuna mahali umewekwa? Jibu ni hapana, hakuna mtu atakuitisha cheti cha ndoa, na ukiwa na miaka 18 na kitambulisho unaeza jiandikisha leo ukiwa umekaa kwa matatu ya kwenda Pipeline. Lakini kujiandikisha ni kitu kimoja na kupewa funguo ni kitu kingine kabisa, na hapo katikati ndio wengi wanapotelea.

Hiyo 35 unayoisikia, eti singo hawezi nunua nyumba ya serikali kabla aifikishe, ni ya Singapore. Wanasiasa wetu wakianza kuongea maendeleo lazima waitaje Singapore, sasa mtu anaenda kusoma habari za nyumba za kule halafu anadhani na huku ni hivyo. Kule shirika lao la nyumba linaitwa HDB, lilianza 1960, na karibu wakaazi wanane kwa kila kumi wanaishi kwa fleti zake. Kama ni raia na hujawahi kuoa, ama mliachana, unangoja mpaka ufike 35 ndio ununue peke yako, lakini wachumba wanaopanga kuoana wanaomba kuanzia 21, na yatima ama mjane pia 21. Fleti mpya zenyewe singo alifunguliwa mlango Julai 2013, tena zile ndogo pekee, chumba kimoja cha kulala na sebule, na mitaa fulani tu, ni mpaka 2024 ndio akakubaliwa kuziomba mtaa wowote. Na mapato yake yasipite dola zao 7,000 kwa mwezi. Sisemi ni watu wabaya, kanchi kenyewe ni kadogo na serikali yao inataka watu waoe wazae, lakini hebu jiweke hapo, uko na kazi, uko na akiba, una miaka 29, unaambiwa ama utafute mke ama urudi baada ya miaka sita.

Huku kwetu hesabu imegeuka. Katiba ya 2010 kifungu cha 260 inasema kijana ni mtu amefika 18 na hajafika 35, yani ule umri Singapore inakuambia sasa umekomaa nunua, Kenya inakuambia ujana umeisha. Na kifungu cha 27 kinakataza serikali kukubagua kwa sababu ya umri ama kwa sababu hujaoa, cha 43 nacho kinataja nyumba kama haki. Kwa hivyo karani yeyote akikuambia "rudi ukiwa na familia" muulize kwa upole ameisoma wapi.

Sasa twende kwa kazi yenyewe.

Anza na karatasi kabla hujagusa simu. Unataka kitambulisho, pin ya KRA, yani namba yako ya ushuru, na akaunti ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Hakikisha majina yamefanana kote, juu kuna watu kitambulisho kiko na majina matatu, pin iko na mawili, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mamake. Rekebisha hiyo mapema, Huduma Centre iko Nakuru na iko Kisumu, na ya KRA unaeza fanya hata kwa saiba ya mtaani. Kama hauna kazi na pin unayo, ripoti ya KRA bado unafaili kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni hata kama ni sufuri, ukinyamaza unapigwa faini, na faini ya KRA si kitu unataka kukumbana nayo siku unaitishwa karatasi za ushuru ukiwa unatafuta nyumba.

Halafu ingia Boma Yangu, ndio mtandao wa serikali wa hizi nyumba, ama kwa simu ya mulika mwizi piga *832#. Kujiandikisha ni bure. Utaulizwa unafanya kazi gani, unapata ngapi, unataka nyumba ya aina gani na kaunti gani. Hapo kwa mapato andika ukweli. Kuna wale wanaongeza ili waonekane wako sawa, na kuna wale wanapunguza wakidhani wataonewa huruma, wote wanajiumiza, juu sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 inapanga watu kwa mapato: chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ni nyumba za jamii, hizo ndio za bei ya chini kabisa, 20,000 mpaka 149,000 ni zile za bei nafuu, ukipita hapo ni za mapato ya kati. Na siku ya kuonyesha slipu ya mshahara ama taarifa ya benki ama ya M-Pesa, uwongo utaonekana tu.

Kama uko jua kali, unaendesha boda Kondele ama una duka la nguo Free Area, usijitoe. Hakuna mahali sheria imesema ni ya wenye mshahara pekee. Unachohitaji ni kuonyesha pesa inaingia, so acha kuweka kila kitu mfukoni, pitisha biashara kwa till ama akaunti moja kwa miezi kadhaa mfululizo ndio kuwe na historia. Walioajiriwa wanakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato mengine na mwajiri anaongeza ingine kama hiyo. Mshahara ukiwa 25,000 yako ni 375 na ya mwajiri 375. Nawaskia watu wakisema "si nakatwa, nyumba yangu iko wapi", aisee hayo makato hayakupei nyumba, yanajenga hazina ya kujengea, nyumba unaiomba kivyako na kuilipia kivyako. Haipendezi lakini ndio sheria ilivyo.

Ukubwa. Sheria inakupa nyumba moja tu kwa hii mpango, mtu mmoja nyumba moja, kwa hivyo singo anasumbuka hapa: achukue bedsita, ile ya chumba kimoja, saa hii juu ndio anaeza, ama angojee ya vyumba viwili juu siku moja kutakuwa na watoto? Mimi maoni yangu ni uchukue ile unaeza lipa bila kulala njaa. Bei za mradi wa New Mukuru kule Nairobi zikupe picha, bedsita ilitangazwa 640,000. Amana ilikuwa asilimia 10, mwishoni mwa 2024 rais akatangaza ishuke iwe 5, kwa hivyo kwa bedsita kama hiyo unaongea 32,000 badala ya 64,000. Hiyo 32,000 ni pesa kijana wa Kaptembwo anaeza fikisha akiweka mia kila siku kwa mwaka hivi, mradi asiiguse. Iweke kwa sacco ama uiweke moja kwa moja kwa akaunti yako ya Boma Yangu. Chama cha marafiki mimi sikipendi kwa hii kazi, zamu yako inaeza kufika ukiwa na shida ingine na pesa ikaenda huko.

Sasa hapa ndio umri unaingia, na unaingia ukikupendelea. Malipo ya hizi nyumba yanaeza tandazwa mpaka miaka 30. Mwenye miaka 25 akichukua miaka 30 anamaliza na 55, bado ako kazini, juu serikalini watu wanastaafu 60. Mwenye 45 hiyo nafasi hana, mkopeshaji atamuangalia na kumpa 15. Tufanye hesabu ya mkopo wa milioni moja, tuseme riba ni asilimia 6 kwa mwaka: kwa miaka 30 unalipa karibu 6,000 kwa mwezi, kwa miaka 15 ni karibu 8,440. Elfu sita ni kodi ya bedsita za watu wengi tayari. Lakini usidanganyike na hiyo ndogo, kwa miaka 30 utakuwa umelipa jumla kama milioni 2.16, kwa 15 ni milioni 1.52 hivi. Ujanja ni kuchukua muda mrefu halafu uulize kwa maandishi kama unaeza lipa zaidi mapema bila faini, ukipata bonasi unapunguza deni. Na kama umeajiriwa kumbuka makato yote pamoja, HELB, ule mkopo wa chuo, ikiwa ndani, hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara, kwa hivyo mtu ameshika mikopo mitatu ya simu na wa sacco asishangae akiambiwa hatoshi.

Kuchagua mradi usichague kwa picha. Nakuru kuna Bondeni, nyumba 605, na iko karibu na tauni hata kwa miguu unafika soko. Kisumu kuna Makasembo, nayo si mbali na katikati ya mji. Nenda mwenyewe uangalie, panda mpaka gorofa ya juu, uliza maji inakuja siku gani, uliza walinzi, wanajua mambo mengi kuliko mabango. Uliza pia ada ya usimamizi ya kila mwezi, ile ya taka, ngazi na taa za nje, juu watu wanapiga hesabu ya mkopo wanasahau hiyo. Jambo zuri ni kwamba mnunuzi wa mara ya kwanza kwa mpango huu hatozwi ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani. Kwa hivyo kama hujawahi kuwa na nyumba, hiyo nafasi usiichezee.

Kuna upande mwingine na huu ni wa watu wa magharibi hasa. Kijana wa Kijaluo akisema ananunua nyumba mjini, wazee wanauliza kwanza kama ameweka simba, ile nyumba ndogo ya kijana, kwa boma la babake, Waluhya nao wako na yao ya namna hiyo. Utaambiwa nyumba ya gorofa si nyumbani, utazikwa kwa balcony? Usibishane na wazee juu ya hii, haina mshindi. Ongea nao polepole, mwambie baba hii ni ya kuacha kulipa landlodi, ya nyumbani itakuja. Simba ya mabati inaeza ngojea, umri wa mkopo haungoji. Na wadada, nyinyi ndio mna sababu kubwa kuliko wote, juu pale nyumbani kaka amekatiwa kipande chake na wewe unaambiwa utapata kwa mumeo. Jina lako kwa hati ya nyumba ya mjini halimngojei mume yeyote.

Na ukioa ama ukiolewa baadaye? Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema mali uliyopata kabla ya ndoa si mali ya ndoa, ni yako. Lakini mwenzako akichangia kuiboresha anapata haki kwa kiasi cha mchango wake, na kama bado unalipia mkiwa pamoja hapo ndio kesi huzaliwa. Weka risiti zako zote kuanzia ile ya amana. Kununua na boyfrendi ama gelfrendi mkiwa hamjaoana, mimi nakushauri usifanye kabla hamjaandikiana kwa wakili nani ametoa ngapi. Na ndugu yako wa damu pia, andikianeni tu, mapenzi ya ndugu hayakatai karatasi.

Jambo ambalo singo hawapendi kusikia: andika wasia. Ukifa bila mke, mume wala mtoto, mali inaenda kwa wazazi, wasipokuwepo inaenda kwa ndugu. Kama huo ndio mpango wako sawa, kama kuna mtoto wa dada yako unamsomesha na ungependa akae hapo, iandike. Mwenye 18 na akili timamu anaruhusiwa.

Mwisho ni mabroka. Watakupigia wakisema wako na mtu kule Bodi ya nyumba za bei nafuu, ile inasimamia huu mpango, toa elfu kumi jina lako lipande juu. Hakuna kitu kama hiyo, hela zote zinapitia njia rasmi za Boma Yangu na risiti inatoka papo hapo, yeyote anayetaka umtumie kwa namba yake binafsi ni mwizi. Halafu kuna wale wanakuja na njia ya kona, eti nunua ya mtu ameshapewa, mnaandikiana makubaliano mezani. Sheria imekataza aliyepewa kuuza ama kuhamisha nyumba bila idhini ya maandishi ya Bodi, kwa hivyo utakuwa umelipa na huna nyumba, na kortini utaulizwa wewe ulikuwa unafanya nini hapo. Kama anasema idhini anayo, akuonyeshe hiyo barua, na uipeleke mwenyewe kwa ofisi yao uulize kama ni ya kweli kabla hata ya kutoa shilingi.