Kinasi ikifika, igawe siku hiyo hiyo
Wenzangu wa maabara hapa Malindi, mkipokea protini ya kinasi (kimeng'enya kinachohamisha fosfeti) ya kipokezi cha binadamu, yaani protini ya seli inayopokea ishara, msiitie kwenye friza kichupa kizima. Kila ikiyeyuka na kuganda tena, hupungukiwa na nguvu ya kuhamisha fosfeti kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na umeme wetu mnaujua unavyokatika.

Iyeyusheni juu ya barafu. Kabla ya kufungua, zungusheni kichupa kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) sekunde chache tu, maana tone la thamani hujificha chini ya kifuniko. Nimeliona kwa macho yangu likidondoka mezani. Igaweni mikrolita 5 au 10 kwa kila kichupa kidogo, kisha viwekeni kwenye friza ya nyuzi -80 za Selsiasi. Na tafadhali msiitikise: povu huiharibu. Changanyeni kwa pipeti, polepole.