Kusoma alama za gharika ya kale kwenye Mirihi, ukianzia korongoni Dodoma

Kabla ya kugusa kompyuta, nenda korongoni. Mvua zikishakatika, mito mingi ya huku Dodoma hubaki mchanga mtupu, na kazi yote ya maji iko wazi.

Hatua ya 1. Tafuta jiwe kubwa katikati ya mto. Upande yalikotoka maji pamechimbika. Upande wa pili mchanga umejikusanya na kuchongoka kama mkia. Ncha ya mkia ndiko maji yalikoelekea. Kisha lifuate korongo hadi juu: litagawanyika vijito, na vijito vitagawanyika tena. Hilo likumbuke.

Hatua ya 2. Fungua Google Earth Pro, bonyeza alama ya sayari, chagua Mars, utafute bonde liitwalo Ares Vallis. Picha ni nzito, kwa hiyo bando la usiku litakufaa.

Hatua ya 3. Bonde linapomwagikia tambarare ya Chryse, angalia kreta (mashimo yaliyochimbwa na vimondo) zenye mikia. Ni umbo lile lile la korongoni, ila hapa maumbo haya, yaitwayo visiwa, yana urefu wa makumi ya kilomita. Chombo cha Pathfinder kilitua karibu na mdomo huu Julai 1997, kikakuta mawe yaliyolaliana kuelekea upande mmoja.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Panda na bonde kuelekea kusini hadi Iani Chaos, eneo linakoanzia, ukitafuta vijito. Utaona vichache mno. Bonde linaanza likiwa pana tayari, kwenye ardhi iliyotitia na kuvunjika mapande. Mvua haichimbi hivyo. Wengi wanaona kwamba maji yaliyobanwa chini ya ardhi iliyoganda yalipasua tabaka la juu yakatoka kwa mkupuo, na ardhi ikabomokea kwenye uwazi uliobaki.

Hatua ya 5. Linganisha na mashariki ya jimbo la Washington, Marekani. Mwanajiolojia J Harlen Bretz aliandika mwaka 1923 kwamba mabonde ya huko yalichimbwa na gharika, wakubwa wa fani wakampinga kwa miongo. Chombo cha Mariner 9 kilipopiga picha za Mirihi mwaka 1971 na 1972, mabonde hayo ya Washington ndiyo yaliyosaidia kuzielewa.

Wapo wanaodai lava nyepesi inaweza kuchonga mabonde kama haya, na hoja yao si ya kubeza. Kwa hiyo chora mstari kutoka Iani hadi Chryse, fungua mchoro wa mwinuko, ukague mteremko kabla ya kuandika "maji" kwenye ripoti yako.