Kabla hujaniomba paa bapa

Wateja wangu hapa Jinja, Uganda, huja na picha kwenye simu: sanduku jeupe, paa bapa, dirisha la kioo toka pembe hadi pembe. "Dada, nichoree hii." Mara nyingi ni Villa Savoye, au mjukuu wake. Msanifu majengo Le Corbusier aliimaliza nyumba hiyo mwaka 1931 huko Poissy, Ufaransa, na paa likavuja mpaka wenye nyumba wakachoka kulalamika. Basi mimi huuliza: unataka sura yake au akili yake?

Ukitaka akili, anza na jua. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la adhuhuri hukaa kaskazini mwezi Juni na kusini Desemba, lakini siku zote liko juu, halisumbui. Linalochoma ni lile la saa kumi jioni linaloingia chinichini hadi kwenye makochi. Kwa hiyo ubavu mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, madirisha marefu yakae huko. Magharibi weka bafu, stoo na ukuta mtupu. Juu ya dirisha toa kibaraza cha zege cha sentimita 60. Adhuhuri kitafunika dirisha la mita 1.2 mwaka mzima.

Nguzo ndizo zibebe slabu, lile bamba la zege la paa. Kuta za ndani zikiwa hazibebi kitu, kesho ukitaka kuunganisha sebule na chumba cha kulia unabomoa bila woga. Hesabu ya nondo mwachie mhandisi.

Jiko liige lile la Frankfurt, Ujerumani. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo la kule akihesabu hatua za mpishi, kila kitu karibu na mkono. (Ernst May, aliyekuwa mkuu wa kazi ile, ndiye aliyekuja kupanga Kololo na Naguru za Kampala katika miaka ya 1940.) Ila Margarete hakupika matoke. Ongeza baraza la nyuma kwa ajili ya sigiri ya mkaa, la sivyo ule weupe utakuwa masizi kabla ya Krismasi. Na chini ya kuta, nusu mita, paka rangi ya udongo. Mvua ikirusha matope hutalia.

Sasa paa. Paa langu la kwanza nililiwekea bomba moja la kutolea maji, kando ya mwembe. Majani yakaziba, mvua ya Aprili ikanyesha usiku kucha, na alfajiri mama mwenye nyumba akanipigia: "Mwanangu, njoo uone bwawa lako." Tangu siku hiyo: mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, mabomba mawili au zaidi, na tundu la akiba kwenye ukuta wa ukingo, chini ya kimo cha mlango wa kutokea juu. Lami ya kuzuia maji ipande ukutani sentimita 15, isiishie konani.

Kisha jaribu kabla ya kupiga plasta dari. Ziba mabomba, jaza maji sentimita 5, weka alama ya penseli ukingoni, acha siku mbili. Fundi atasema unachelewesha kazi, mpe chai. Kando weka ndoo ya maji juani, nayo itie alama. Vikipungua sawasawa, ni jua limekunywa. Dimbwi likipungua kuliko ndoo, slabu inakunywa, tafuta ufa.