Kumtibu Mzee Bila Kadi ya Bima: Njia Tunazopitia Hapa Busia

Mtu akija nyumbani na daftari, akisema anaandikisha wazee kwenye bima ya afya ya serikali na ada ni shilingi elfu ishirini, mwambie mwende pamoja kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ataondoka mwenyewe. Uganda haina bima hiyo. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa tarehe 31 Machi 2021, Rais hakuutia saini, na Bunge lile la 10 likamaliza muda wake. Kadi ambayo haijawahi kutolewa haiwezi kuwa na ada ya usajili.

Kinachotuchanganya sisi wa Busia ni ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Kenya waliiacha NHIF, bima yao ya afya ya zamani, na tangu Oktoba 2024 wanatumia mpango mpya wa SHA, ambako asiye na mshahara hulipa kuanzia shilingi 300 za kwao kwa mwezi. Mpango huo ni wa wakaazi wa Kenya. Kuazima kitambulisho cha binamu ili bibi akatibiwe upande wa pili si ujanja. Wanapiga alama za vidole, na bibi ataishia kuulizwa maswali badala ya kupewa dawa.

Mimi ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji. Nabeba rejista ya kijiji, na swali la mzee atatibiwa vipi bila kadi ya bima naulizwa kila siku ya soko, mara nyingi kwa Kiswahili kwa sababu muulizaji hajui Kisamia, lugha ya hapa kwetu. Jibu langu ni kwamba tulicho nacho si kadi, ni ngazi, na anayejua kuipanda halipi sana.

Tangu Machi 2001 ada za matibabu ziliondolewa katika vituo vya serikali. Kumwona daktari, vipimo vilivyopo na dawa zilizopo ni bure. Neno la kulishika hapo ni "zilizopo", nitalirudia. Ngazi yenyewe huanza na kituo cha daraja la II kwenye muluka (kata ndogo ya vijiji kadhaa), la III kwenye gombolola (tarafa yenye miluka kadhaa), la IV juu yake, kisha hospitali ya wilaya (kwetu Masafu), kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Mbale, na mwisho kabisa Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa kule Kampala. Si kila muluka una kituo, kwa hiyo anza na kilicho karibu. Mgonjwa wa dharura apelekwe moja kwa moja hospitali, asingoje karatasi. Asiye wa dharura apande hatua kwa hatua na barua ya rufaa mkononi. Ukifika Mbale bila barua kwa goti linalouma miaka miwili, usishangae ukielekezwa ulikotoka, na nauli imeshaliwa.

Nunua daftari moja la shule, gumu kidogo, uandike jina la mzee juu. Hilo ndilo faili lake. Watu hununua jipya kila safari, na daktari anaanza upya kama hajawahi kumjua mgonjwa. Daftari moja lenye presha za miezi sita lina thamani kuliko maelezo yako yote mlangoni. Ndani yake weka kopi ya kitambulisho cha taifa na barua za rufaa. Kwenye jalada la nyuma andika dawa anazotumia, pamoja na za kienyeji. Usione haya, muuguzi anazijua.

Sasa hilo neno "zilizopo". Dawa za serikali hutoka bohari ya taifa, NMS, na kwa kawaida huletwa kila baada ya miezi miwili. Wiki ya kwanza rafu zinapendeza. Wiki ya sita unaandikiwa karatasi ukanunue. Kwa hiyo muulize VHT wako dawa zilifika lini, na kwa mzee wa presha au sukari ulize pia siku ya kliniki yao, maana vituo vingi vina siku maalumu ya wiki. Fika mapema siku hiyo mzee akiwa na daftari lake. Zikiwa zimeisha, omba uandikiwe jina la dawa yenyewe, si la kampuni, kisha uliza bei kwenye famasi mbili au tatu. Za wiki moja zikitosha pesa yako, nunua za wiki moja, lakini mzee wa presha asikae bila dawa akingojea lori la NMS. Na ukiona kidonge au boksi lenye maandishi ya Serikali ya Uganda kinauzwa dukani, kimeibwa. Dawa hizo haziuzwi.

Akilazwa, jua kwamba kitanda ni bure ila mengine ni yako. Beba shuka, beseni, jerikeni, mkeka wa anayemuuguza, sahani na pesa ya chakula. Akishalazwa, yule anayemuuguza asiondoke, maana ndiye atakayemgeuza na kukimbilia vipimo. Hospitali kubwa zina upande wa kulipia, na mtu akikupokea kwa ukarimu wa ghafla uliza mapema: "Hapa ni upande wa kawaida au wa kulipa?" Damu haiuzwi katika hospitali ya serikali. Huenda mkaombwa ndugu waende kuchangia damu, hilo ni jambo jingine kabisa. Gari la wagonjwa pia halina nauli, lakini mara nyingi familia huambiwa ichangie mafuta, na usiku wa manane hakuna anayebishana. Weka akiba ya hilo.

Kuna pesa moja ya serikali inayomfikia mzee mkononi, nayo ni SAGE, posho ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, hulipwa kwa robo mwaka kupitia benki ya Pearl Bank, iliyokuwa ikiitwa PostBank. Ilianza kwa wilaya chache za majaribio, na ilipoenezwa nchi nzima mwaka wa fedha 2020/21 umri uliwekwa miaka 80. Si bima, lakini nyumbani kwa wengi ndiyo inayonunua dawa za presha. Mlango wake ni CDO, ofisa wa maendeleo ya jamii pale gombolola, na ufunguo ni kitambulisho cha taifa. Hapo ndipo wazee wengi wanakwama. Siku ya kuandikishwa, karani aliuliza mwaka wa kuzaliwa, bibi akasema hajui, karani akabuni. Sasa mwanamke aliyekuwa na watoto kabla ya uhuru ana miaka 71 kwenye karatasi. Lishughulikie kabla hajaugua. Nenda ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho vya taifa, na chochote chenye mwaka: kadi ya ubatizo, karatasi za ile kodi ya kichwa ya zamani, gradweti, vitambulisho vya watoto wake wakubwa, na barua ya LC1. Mzee asiyeweza kutembea ana haki ya kuteua mtu wa kumpokelea pesa. Chagueni kikao kizima kikiwepo, na asiwe mjukuu anayecheza kamari. Walio kati ya 60 na 79 wamuulize CDO huyo huyo kuhusu SEGOP, ruzuku ya biashara kwa vikundi vya wazee.

Yanayobaki bila kulipiwa ni nauli, mafuta na dawa za wiki ya sita. Hayo mimi nayamalizia kwenye chama cha mazishi. Huko Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, vikundi vya engozi, yaani vya kubeba wagonjwa kwa machela, ndivyo hospitali ya kanisa ilivyojengea bima yake tangu 1996: kikundi kinalipa kwa mwaka, wanachama wanatibiwa. Sisi hatuna hospitali ya namna hiyo karibu, lakini chama tunacho, na aibu yetu ni kwamba tunachangia jeneza haraka kuliko sindano. Tengeni sanduku la pili, dogo, lenye sharti moja: hutoa pesa kwa anayeonyesha barua ya rufaa au karatasi ya dawa yenye muhuri wa kituo. Bila sharti hilo, litaliwa kabla ya Krismasi.

Ukiombwa hongo kwa huduma ya bure, anza na mkuu wa kituo, kisha kamati ya kituo, ambayo ina wanakijiji ndani yake, kisha ofisa wa afya wa wilaya, DHO. Andika tarehe, saa, kiasi ulichoombwa na jina lililo kifuani mwa aliyeomba. Bila hayo, DHO atakusikiliza kwa heshima zote na utarudi nyumbani.