Umeongeza springi nyuma? Cheki na breki
Wenye Hilux za zamani mnaoleta viazi Dodoma kutoka Iringa, breki zikianza kugoma msikimbilie kununua breki shuu, ingieni uvunguni kwanza. Nyingi zina kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye vali ya breki pale kwenye chesisi, kazi yake kuipimia vali mzigo, sasa ukiongeza mabamba ya springi gari inanyanyuka nyuma, vali inadhani hujabeba kitu inapunguza presha ya breki za nyuma, mbele zinafanya kazi peke yake na ule mteremko wa Nyang'oro ukiwa umejaza ni hatari jamani. Fundi akiset upya hicho kifimbo, acheki pia kama kimegandwa na kutu. Pedi za mbele zinaisha haraka? Anzia hapo.