Kumtumia mtu singeli bila kuiharibu

Uko Mtwara na unataka ndugu aliye mbali aionje singeli? Usiirekodi kwa simu kutoka kwenye spika. Muziki huu unakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, kwa hiyo ngoma na kinanda vitageuka uji.

Peleka flashi kwa wanaorusha nyimbo, uombe MP3 ya 320 kbps (kipimo cha ubora wa sauti). Wimbo wa dakika 4 unafika karibu MB 10. Ukikuta MB 4, hiyo ni 128 kbps, na sauti kali za juu zitakwaruza. Kuibadilisha iwe 320 hakusaidii, kilichokatwa hakirudi.

WhatsApp tuma kama dokumenti, lakini kwanza andika kwenye jina la faili mtayarishaji, MC (anayeghani) na studio. Watayarishaji ndio uti wa mgongo wa singeli, na majina yao ndiyo hupotea mapema, inauma.

Anayechanganya nyimbo kwa kompyuta ajue programu nyingi husoma nusu ya kasi: mapigo 110 badala ya 220. Zidisha kwa 2.

Pa kuanzia: Sounds of Sisso, mkusanyiko wa 2017 kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam.