Pandisha kiegemeo cha kichwa kabla ya kuwasha gari

Ukikaa kwenye gari ambalo mwingine amelitumia, anza na kiegemeo cha kichwa, vioo vifuate. Ukingo wake wa juu ufike usawa wa utosi, au angalau usiwe chini ya ncha ya juu ya masikio. Wengi hukiacha chini kabisa, kikigusa shingo. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinasukuma mgongo mbele, kichwa kinachelewa, na shingo ndiyo inayoumia. Uwazi kati ya kisogo na kiegemeo ukizidi sentimita 10, acha kulaza kiti kama kitanda, kisimamishe kidogo. Hata uchovu wa mabega safarini utapungua.

Baadhi ya magari yenye viti vya umeme hupandisha kiegemeo yenyewe. Raha kweli, ila hufuata mkao uliohifadhiwa. Hayajui kwamba leo dereva ni shemeji mrefu. Pima urefu wake mwenyewe kwa kiganja ulichokiweka utosini. Vipo pia viegemeo ambavyo kampuni ya magari ya Saab ilivileta miaka ya 1990: mgongo ukikandamiza kiti wakati wa ajali, kiegemeo huruka juu na mbele.

Kikigoma kupanda, tafuta kitufe kwenye shina la nondo zake, bonyeza huku ukivuta.